Barua ya Chuo Si Nafasi ya Chuo

Kuna habari ya furaha inayozunguka kwenye simu za familia za mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, Burundi, kuanzia Gitaza hapa Muhuta hadi Minago na Rumonge mjini, na sisi inatutia hofu. Ndugu yuko Marekani. Mtoto wake wa miaka kumi na sita amefanya mtihani shuleni, na baada ya muda sanduku la barua limejaa bahasha nene, karatasi za kung'aa, picha za majengo ya matofali mekundu na vijana wanaocheka wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Jina la mtoto limeandikwa bila kosa hata la herufi moja. Barua inasema chuo kimevutiwa na juhudi zake na kingefurahi kumwona akijiunga nacho. Baba anaipiga picha, anaituma kwenye kundi la ukoo, na kabla ya magharibi huku nyumbani watu wanapeana hongera: mtoto wetu kachukuliwa chuo kikuu.

Hajachukuliwa. Hata kuomba bado hajaomba. Ile ni barua ya matangazo, na mtoto yule ni mmoja wa maelfu walioandikiwa maneno yale yale siku ile ile.

Tunalisema hili bila kuwadharau ndugu zetu. Wengi wao walikimbia mwambao huu katika mauaji ya mwaka 1972, wakaishi ukimbizini zaidi ya miaka thelathini hadi kufikia kambi za Tanzania, na kuanzia 2007 maelfu yao wakapokelewa Marekani. Ni watu wa Kirundi na Kiswahili ambao vita viliwanyima darasa, na watoto wao ndio wa kwanza katika ukoo kufanya mitihani inayoitwa PSAT na SAT. Nyumbani hakuna wa kuwaeleza bahasha ile imetoka wapi.

Imetoka kwenye mtihani wenyewe. Shirika linaloendesha SAT, College Board, lina huduma ya kuwaunganisha wanafunzi na vyuo. Mwanafunzi huulizwa kama anapenda kujiunga, na akikubali, anwani yake, alama anazopata darasani na masomo anayoyataka huingia kwenye hifadhi ya taarifa. Chuo nacho huja na kuagiza: nipeni majina ya watoto waliopata kati ya alama hizi na hizi, wanaoishi maeneo haya, wanaotaka uuguzi au uhandisi. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba jina moja lilikuwa likilipiwa senti 47 za dola. Gazeti hilo lilieleza pia jambo lililotuumiza kulisoma: vipo vyuo vinavyowaandikia hata watoto ambao uwezekano wao wa kupokelewa ni mdogo mno, kwa sababu kadiri wanavyoomba wengi na kukataliwa wengi, ndivyo chuo kinavyoonekana cha hali ya juu.

Mtu wa mwambao analijua jambo hili kwa macho. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wetu huwasha taa juu ya maji, na ndagala huja kwa wingi. Taa ile haikuwashwa kwa ajili ya ndagala fulani.

Wamarekani wenyewe wameona kwamba mambo yalivuka mpaka. Februari 2024 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Letitia James, alitangaza kuwa College Board italipa dola 750,000, baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa kwa mwaka 2019 peke yake taarifa za wanafunzi zaidi ya 237,000 wa jimbo hilo, waliofanya mitihani yake wakiwa shuleni, zilitolewa kwa vyuo na wengineo kinyume cha sheria. Wale ni watoto wenye wazazi wanaosoma Kiingereza na wenye wanasheria. Wa kwetu je?

Haki itendeke: barua ile si ya kitapeli. Chuo kipo, anwani yake ni ya kweli, na mara nyingine ndani yake mna faida, kama vile kusamehewa ada ya kuomba. Mtoto aisome, akipenda aombe. Ila ajue mpangilio ulivyo. Kwanza mwanafunzi hujaza maombi, shule yake hupeleka alama zake, ndipo chuo hujibu kwa barua ya kumpokea au kumkataa. Kwa kawaida barua ya kupokelewa haiji kwa mtu ambaye hakuomba. Tena kupokelewa ni jambo moja na kulipiwa ni jambo lingine. Habari za fedha huja kwa maandishi yake, na ndiyo karatasi ya kusomwa polepole kuliko zote. Fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo, FAFSA, hujazwa bure, na aliyeingia nchini humo kama mkimbizi anaruhusiwa kuijaza. Anayemdai mzazi fedha ili amjazie fomu hiyo anauza kitu kinachotolewa bila malipo.

Hofu yetu kubwa, hata hivyo, iko huku nyumbani. Habari ikishafika kwamba mtoto kachukuliwa, ukoo huanza kuchanga. Shamba la michikichi linawekwa rehani, mashine ya mtumbwi inauzwa, na watu ambao ziwa lilipopanda miaka hii liliwafuata hadi mlangoni wanatoa kilichobaki. Dola haipatikani benki, inanunuliwa mtaani kwa bei ya kuumiza. Yote hayo kwa ajili ya tangazo.

Na wezi wameshajifunza lugha hiyo. Vijana wetu wanapomaliza mtihani wa taifa, jumbe huanza kuingia kwenye WhatsApp: hongera, umechaguliwa, ufadhili wa asilimia mia, nafasi zinakwisha Ijumaa, tuma ada ya faili kwa simu, kwa Lumicash, tuma na picha ya kitambulisho. Kijana anashangaa wamejuaje kama amefaulu. Hakuna cha kushangaza. Orodha ya matokeo inabandikwa ukutani, inapigwa picha, inazungushwa kwenye makundi hadi kwa watu ambao hakuna anayewajua. Kenya wanalijua hili vizuri: matokeo ya mtihani wao wa sekondari, KCSE, yakitoka tu, simu za wazazi hujaa pongezi za vyuo ambavyo mtoto hakuwahi hata kuvisikia. Na kaskazini mwa kisiwa cha Cyprus wapo vijana wengi wa Kiafrika waliopelekwa na mawakala kwa ahadi ya ufadhili, wakafika na kukuta madeni na kazi za kuwavunja mgongo. Kwa msichana wa lise (shule ya sekondari) aliyetuma picha ya pasipoti yake kwa mtu asiyemjua, kupoteza fedha ndiyo hasara ndogo.

Majirani zetu wamechukua hatua. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Kenya ilionyesha Septemba 2023 kwamba sheria hiyo inauma, pale shule moja ya Nairobi ilipotozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tunataka mzazi wa Gitaza naye awe na ofisi ya kupeleka malalamiko yake, asikilizwe, na aliyechezea jina la mwanawe alipe. Wabunge wetu wanapokuja kuomba kura wanapita barabara hii hii ya kando ya ziwa. Waulizwe.

Lakini yapo yasiyohitaji Bunge. Direkta wa lise hana sababu ya kubandika majina kamili na alama mahali ambapo kila mpita njia anaweza kupiga picha. Mwanafunzi aitwe, apewe matokeo yake mkononi. Chuo chochote kinachokuja shuleni na daftari la kuandikisha namba za simu kiulizwe kwanza namba hizo zinakwenda wapi, na kikishindwa kujibu kiondoke na daftari lake tupu. Jina la chuo kinachodai kuwa Tanzania litafutwe kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu ya nchi hiyo, kazi ya dakika chache kwa mwalimu mwenye simu. Misikitini na makanisani, ambako watu husikiliza kuliko wanavyosoma gazeti, tunaomba jambo hili litangazwe wazi kabla ya matokeo ya mwaka huu kutoka.

Nanyi ndugu zetu mlioko ng'ambo, kabla hamjaituma picha ya barua kwenye kundi la ukoo, mwulizeni mtoto swali moja: je, chuo hiki ulikiomba? Akisema hapana, tuandikieni hivyo hivyo, kwamba ni tangazo, ili mjomba aliyeko kilimani asiliuze shamba.