Gofu ya simu: Upepo wa bahati ukichagua mshindi, kiingilio chako kimelipia nini?

Chukulia wewe na rafiki yako mmeketi kibandani Githongo, kila mmoja na simu yake. Mmelipa kiingilio cha Sh200 kwa M-Pesa ili kushiriki shindano moja la gofu ya mtandaoni. Shimo ni lile lile, fimbo zenu ni za kiwango kimoja, na nyote mmefanya mazoezi wiki nzima. Yeye anapewa upepo wa mgongoni, mpira unapaa na kutua karibu na bendera. Wewe unapewa upepo wa usoni, mpira unatumbukia mchangani. Anashinda kwa mkwaju mmoja na kubeba ganji.

Sasa sema ukweli: ni yeye aliyekushinda, ama ni upepo?

Usiharakishe kujibu. Vijana wengi siku hizi hucheza mashindano ya simu yenye kiingilio na zawadi, na gofu ni mfano tu. Karata, soka ya simu, mbio za magari, karibu kila mchezo una mahali ambapo mtambo unarusha shilingi kwa niaba yako. Unapoweka pesa, una haki ya kujua shilingi hiyo inarushwa vipi.

Mtambo unaweza kuwa mwaminifu na bado usiwe sawa

Kwenye michezo mingi ya gofu ya simu, upepo hutolewa na programu inayochagua nambari kwa kubahatisha: mwelekeo huu, kasi hii. Mchezaji akilalamika, jibu huwa moja: mtambo haumjui mtu wala haumpendelei yeyote. Ukicheza sana, upepo mzuri na mbaya utakufikia kwa kiasi sawa na wenzako.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halijajibu swali. Hebu tufanye hesabu kidogo. Rusha shilingi mara 10. Uwezekano wa kupata kichwa mara saba au zaidi ni kama 17 kwa 100. Si jambo la ajabu hata kidogo. Sasa irushe mara 100. Uwezekano wa kupata kichwa mara 70 au zaidi unashuka hadi chini ya mara moja kati ya 10,000.

Badala ya shilingi, weka upepo. Kwenye mashimo 10, mmoja wenu anaweza kubebwa na upepo mashimo saba bila mtu yeyote kuiba. Kwenye mashimo mia moja, bahati hiyo inayeyuka na ufundi unaonekana. Kumbe tatizo halitokani na kubahatisha kwenyewe. Linakuja pale shindano linapokuwa fupi, zawadi ikawa kubwa, na kila mchezaji akapewa upepo wake peke yake.

Riadha ilishapambana na swali hili

Sisi Wakenya tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Aprili 18, 2011, Geoffrey Mutai alikimbia Boston Marathon kwa saa 2:03:02. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathon kwa kasi hiyo. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie. Siku hiyo upepo ulikuwa ukisukuma wakimbiaji kutoka nyuma, na njia ya Boston hutoka sehemu moja hadi nyingine huku ikiteremka. Kwa kanuni za riadha, njia ya aina hiyo haiwezi kuzaa rekodi ya dunia. Muda wa Mutai haukuidhinishwa kuwa rekodi.

Lakini angalia kitu kingine: ushindi wake haukuguswa. Kwa nini? Kwa sababu Moses Mosop, aliyemaliza wa pili kwa 2:03:06, alisukumwa na upepo ule ule. Kati ya wawili hao, mashindano yalikuwa sawa. Kumlinganisha Mutai na mtu aliyekimbia Berlin siku nyingine ndiko kulikoleta utata.

Kwenye mbio za mita 100, upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, muda hauingii kwenye rekodi. Ferdinand Omanyala alipokimbia 9.77 Kasarani mnamo Septemba 18, 2021, kipimo kilisoma mita 1.2, kwa hivyo rekodi ya Afrika ikasimama bila maswali. Na kwenye michujo, wanaofuzu kwanza ni wale wanaomaliza mbele ndani ya mchujo wao, yaani waliopigwa na upepo mmoja. Nafasi chache zinazobaki ndizo hutolewa kwa kulinganisha muda wa michujo tofauti. Fainali yenyewe hukimbiwa mara moja, wote pamoja.

Somo ni rahisi: upepo upimwe, utangazwe, na watu wanaogombea kitu kimoja wapigwe na upepo mmoja.

"Lakini hata gofu ya nyasi ina upepo"

Ni kweli, na hapa ndipo watetezi wa upepo wa bahati hukimbilia. Julai 2002, kwenye uwanja wa Muirfield, Scotland, Tiger Woods alikuwa ameshinda Masters na US Open mwaka huo na alikuwa akifukuzia taji la tatu kubwa. Siku ya tatu ya The Open, dhoruba ya mvua na upepo ikamkuta uwanjani. Alimaliza raundi kwa mikwaju 81, na ndoto ikaishia hapo. Hakuna aliyedai kwamba shindano lirudiwe.

Hata hivyo, gofu haikukunja mikono na kusema "ni bahati tu". Mashindano makubwa huchezwa raundi nne, mashimo 72. Na siku mbili za kwanza, wanaoanza asubuhi Alhamisi huanza mchana Ijumaa, na wa mchana huanza asubuhi, ili hali ya hewa isiwaonee upande mmoja. Pale ambapo maumbile hayagawi sawa, waandalizi hujaribu kusawazisha.

Tena kuna tofauti moja kubwa. Dhoruba ya Muirfield haikuandikwa na mtu. Upepo wa kwenye simu yako umeandikwa na mtu, mstari kwa mstari. Aliyeweza kuandika "kila mchezaji na upepo wake" angeweza kuandika "wote upepo mmoja". Huo ni uamuzi, na uamuzi huulizwa maswali.

Mkulima wa chai wa Githongo angekuelewa haraka. Mvua ikikosa, inakosa kwa wote, na hakuna anayegombana na mawingu. Lakini siku ya kupima majani kwenye kituo, kila mtu anataka mzani mmoja. Jaribu kumwambia mama mwenye kikapu kwamba leo kila mkulima atapimiwa kwa mzani wake wa kubahatisha, ila asijali, baada ya miaka kumi yote yatalingana. Utaona cha mtema kuni.

Mbona basi wasitoe upepo mmoja?

Tuwe wa haki pia kwa watengenezaji. Sababu wanayo, tena nzuri. Mashindano mengi ya simu hayachezwi na wote kwa wakati mmoja. Wewe unacheza Ijumaa usiku, mwingine Jumapili baada ya kanisa. Kama upepo ni ule ule, aliyetangulia atapiga picha ya skrini na kuirusha kwa kikundi cha WhatsApp: shimo la tatu, upepo unatoka kushoto, lenga kulia kidogo. Wa mwisho kucheza anakuja na majibu mfukoni. Hapo tutakuwa tumetoa dhuluma moja na kuingiza nyingine.

Lakini kuna njia za kutoka. Wote waanze saa moja, kama mtihani. Ama wachezaji wagawanywe kwa vikundi, kila kikundi na upepo wake, na anayefuzu awe aliyeongoza kikundi chake, vile michujo ya mita 100 inavyofanya. Ama raundi ziongezwe hadi bahati ichoke. Na ikishindikana yote, upepo aliopata kila mshindani utangazwe shindano likiisha, ili kila mtu ajionee.

Kwamba inawezekana si ndoto. Virtual Regatta, mchezo wa Ufaransa wa mashua za mtandaoni, hutumia hali halisi ya hewa ya baharini kwenye mbio zake ndefu. Zaidi ya watu milioni moja walijiandikisha kucheza mbio za Vendée Globe za 2020. Bahari ni moja na upepo ni mmoja. Anayeshinda ni aliyeusoma vizuri. Nahodha yeyote wa mashindano ya majahazi Lamu anaujua mchezo huo. Upepo unavuma kwa wote, na kazi yako ni kujua lini ukaze tanga na lini ugeuze.

Ukiona pesa, uliza

Haya yote yanagusa mfuko wako. Katika nchi nyingi, wanasheria hutambua kamari kwa mambo matatu: umelipa ili uingie, kuna zawadi, na matokeo yanategemea bahati. Shindano la gofu ya simu lenye kiingilio tayari lina mawili ya kwanza. Upepo ukizidi kuamua mshindi, la tatu linaingia polepole, hata kama bango linasema "shindano la ufundi". Kenya ina sheria mpya ya kudhibiti kamari, ambayo Rais William Ruto aliitia saini Agosti 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1966, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki kamari. Mwandalizi anayekusanya viingilio vya vijana wa shule kwenye mchezo unaoamuliwa na bahati anacheza karibu sana na moto.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza nambari ya siri ya M-Pesa, muulize mwandalizi maswali manne. Je, tutapata upepo mmoja ama kila mtu wake? Tutacheza mashimo mangapi kabla mshindi kutangazwa? Tunaanza pamoja ama kila mtu saa yake? Na je, baada ya shindano, tutaonyeshwa upepo wa kila mchezaji?

Akikujibu yote bila kuzunguka, poa, hilo ni shindano. Akikwambia "usijali, ni bahati tu", amini maneno yake. Anakuuzia tiketi ya bahati nasibu, na bei ya tiketi hiyo usiitoe kwenye karo wala nauli.