Mkono Unaopiga Kifua

Kila Jumapili, Misa inapoanza, mara nyingi Wakatoliki husali pamoja sala ya kuungama iitwayo Nakuungamia. Wafikapo mahali pa kukiri kwamba kosa ni lao wenyewe, kila mmoja huukunja mkono wake wa kuume na kujigonga kifuani. Mkuu wa kikosi hufanya hivyo. Kuruta hufanya hivyo. Mke wa askari aliyempakata mtoto hufanya hivyo, na mtoto naye huwatazama wakubwa akaiga. Ni tendo la nukta chache tu, na kwa sababu hiyo wengi hulitenda bila kulitafakari.

Katika lugha ya Kiswahili, ajipigaye kifua ni mtu ajigambaye. Husimama mbele ya wenzake akitaja ushujaa wake, cheo chake na mali yake. Katika sala, mkono ule ule hugonga kifua kile kile, lakini maana hugeuka. Mwenye kuungama hasemi, “Nitazameni mimi.” Anasema kwamba mkosaji asitafutwe kwingine, kwa maana yumo humu kifuani.

Asili ya desturi hii ni ya kale. Katika Injili ya Luka, sura ya 18, watu wawili walikwenda hekaluni kusali. Farisayo alimtaja mtoza ushuru aliyekuwa pale kuwa mfano wa watu wabaya, kisha akahesabu mema yake. Mtoza ushuru alisimama mbali, hakuthubutu kuinua macho, bali alijipiga kifua na kuomba huruma. Huyo ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amekubaliwa. Tena katika sura ya 23, umati uliotazama kifo cha Yesu ulirejea mjini ukijipiga vifua.

Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka 430, alikuwa askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Aliwafundisha waumini wake kwamba kujipiga kifua ni kulishtaki lile lililofichika ndani ya kifua, na kuiadhibu dhambi ya siri kwa pigo linaloonekana. Lakini aliwaonya pia: ajipigaye kifua kisha akarudia yale yale haondoi dhambi zake, bali anazishindilia kama sakafu. Kila aliyewahi kuona sakafu ya udongo ikipigwa katika nyumba mpya anaufahamu mfano huo. Kadiri inavyopigwa, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu.

Katika Misale ya mwaka 1570, iliyotolewa na Papa Pius wa Tano, aliyeungama alijigonga mara tatu. Misale iliyoidhinishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1969 inataja kujipiga kifua bila kutaja idadi, ingawa waumini wengi wangali wanajigonga mara tatu kufuatana na maneno yanayorudiwa. Badiliko lililo kubwa zaidi ni jingine. Zamani sala hiyo ilitaja makosa ya mawazo, maneno na matendo. Sasa imeongezwa aina ya nne, yaani kutotimiza wajibu. Askari hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mlinzi aliyelala zamuni hakumpiga mtu wala hakuiba kitu. Hata hivyo amekosa, na kosa lake laweza kuwagharimu wenzake maisha.

Tena, maneno ambayo Wakatoliki husema kabla ya kupokea Komunyo yanatokana na ya mwanajeshi. Ni yule akida wa Kapernaumu aliyemwombea mtumishi wake mgonjwa. Mtu huyo alikuwa na askari chini yake, akisema nenda wakaenda, lakini alikiri kwamba hakustahili Yesu aingie nyumbani mwake. Kwa karne nyingi maneno hayo pia yaliandamana na kujipiga kifua. Cheo hakikumzuia akida kunyenyekea, wala unyenyekevu haukumpunguzia cheo.

Basi, pigo hilo huthibitishwa wapi? Huthibitishwa nyumbani. Askari aliyetumia nusu ya mshahara kwenye pombe, kisha akamfokea mkewe kwamba hajui kubana matumizi, hujigonga kifua Jumapili mbele ya mke huyo huyo na watoto wake. Sala yenyewe husema kwamba anaungama kwa Mungu na kwa ndugu zake pia. Mkewe ni wa kwanza katika ndugu hao. Maneno machache jioni ile, “Mama watoto, fedha nilizitumia mimi, na kosa ni langu,” yatakamilisha kile alichokianza kanisani, iwapo mwezi ufuatao mshahara utafika nyumbani mzima. Mama naye aliyemchapa mtoto kwa kosa asilolitenda hatapungukiwa heshima akimwita na kumwambia, “Mwanangu, nilikosea.”

Watoto hujifunza maana ya ishara kwa kutazama yanayofuata baada yake. Wakiona kifua kinagongwa kanisani na lawama zinagawiwa nyumbani, watajua kwamba ni mchezo. Wakimsikia baba akilikubali kosa lake, watajua kwamba ni kweli. Wahenga walinena: muungwana akivuliwa nguo, huchutama.