Ua Halina Miguu, Ndege Hana Pa Kwenda



Juma hili tutoke Bagara yetu, twende mpaka milima ya Usambara, mkoani Tanga. Huko Mwenyezi Mungu ameweka viumbe wawili wadogo, nao wote wamo hatarini kupotea.

Wa kwanza ni ua la urujuani, lenye majani ya manyoya laini. Mwaka 1892 Mjerumani mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul, aliliona, akalipeleka kwa baba yake Ulaya. Mwaka 1893 wataalamu wakaliita Saintpaulia. Leo limejaa vyunguni, madirishani mwa Ulaya na Marekani.

Wa pili ni ndege mwimbaji, rangi ya majivu, mdomo mrefu mwembamba. Mwaka 1931 alipewa jina la Bwana Moreau, aliyefanya kazi Amani. Hukaa katika vichaka vya mimea itambaayo msituni. Nje ya Usambara ya Mashariki anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu.

Mwingine atasema, ua limekwisha kuokoka. Sivyo. Lile la madirishani limetokana na aina chache tu. Ndugu zake wa msituni huota juu ya miamba yenye unyevu, kivulini. Mti ukikatwa, jua laingia, mwamba wakauka, ua lafa pale pale, halina miguu. Ndege ana mabawa, lakini yamfaa nini? Kichaka chake kikifyekwa hana pa kwenda, wala hakuna dirisha la Ulaya linalomtunzia uzao. Hali zao ni mbali mbali, lakini adui ni mmoja: shoka.

Nasi twauona mlima Kwaraa kila asubuhi. Baba, usiseme, “Nakata mti mmoja tu.” Jirani naye asema hivyo hivyo. Najua, sufuria haichemki kwa mahubiri. Basi panda migrevilea mpakani mwa shamba, upate kuni zako mwenyewe. Nawe mama, jenga jiko la udongo. Hula kuni chache kuliko mafiga matatu.

Bwana wetu alifundisha kwamba hata shomoro Baba humwangalia. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba viumbe wanaopotea kwa makosa yetu hawatamtukuza Mungu tena. Tusiache kwaya ya Mungu ipungue sauti mikononi mwetu.

Jioni ya leo waulizeni watoto: ni ndege gani wanaoimba hapa kwetu? Wasipojua majina, anzeni hapo.