MLANGO WA UANI WA UBONGO

Dawa nyingi zitiwazo katika damu hufika kwenye ini, figo na misuli, lakini ubongoni haziingii. Ni nani azizuiaye?

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Reese na Morris Karnovsky, walitwaa protini iitwayo peroksidesi, itokayo katika mzizi mkali wa Ulaya ulio jamaa ya figili (wala si mlonge wetu), wakawadunga panya mshipani. Kisha waliukata ubongo vipande vyembamba mno, wakavitia dawa igeukayo rangi ya kahawia popote ilipo protini hiyo, wakatazama kwa darubini ya elektroni. Lo! Protini ilijaa ndani ya mishipa midogo ya damu, ikakomea papo hapo. Seli za kuta za mishipa hiyo zimeshikamana kama mbao za jahazi lililotiwa kalafati.

Mwaka 1969 Reese na mwenzake Milton Brightman waliitia protini ile katika maji yaliyomo ndani ya ubongo wenyewe. Safari hii ilipenya baina ya seli bila taabu. Na seli nazo huimeza: ngozi ya seli hubonyea, hufumba tone dogo, na tone hilo huchukuliwa ndani likasagwe.

Lakini ajabu zaidi ilitoka Sweden. Mwaka 1971 Krister Kristensson na Yngve Olsson waliidunga protini hiyo katika misuli ya panya, nao wakaikuta katika uti wa mgongo, ndani ya seli ziendeshazo misuli hiyo. Haikupita kwenye damu. Ncha za mishipa ya fahamu ziliimeza, ikapandishwa juu kama mzigo.

Hapa ndipo jambo hili liingiapo nyumbani mwetu. Sumu ya pepopunda ni protini, nayo hupanda kwa njia hiyo hiyo kutoka kwenye kidonda. Virusi vya kichaa cha mbwa pia huifuata. Vikisha kufika ubongoni na dalili kutokea, ni nadra mno mtu kupona. Basi aliyeumwa na mbwa na aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile kupata chanjo, maana virusi vingali njiani. Na mama mwenye mimba akichanjwa pepopunda, kinga yake humfikia mtoto kabla hajakatwa kitovu.