Msiniambie "Nunua Tu Ingine"

Kila nikiposti nikichomelea bodi, lazima msee mmoja aandike: "Buda, hiyo draiva si iko tu online? Nunua ingine." Leo nawajibu wote pamoja.

Endeni Uhuru Market pale Jogoo Road, kwa washonaji wa yunifomu. Mashini za kitambo zilikuwa na mota ya klachi, inanguruma siku nzima hata fundi akinywa chai, na stima inahesabu. Siku hizi wengi wanaweka servo, mota isiyo na brashi, na ukitoa mguu kwa pedali inanyamaza. Kitu safi kabisa. Shida ni kale kasanduku kake, yaani draiva. Kakiungua, mota nzima inageuka chuma ya kuuzia watu wa skrapu. Mshonaji mmoja wa mtaa wetu aliambiwa hivyo na aliyemuuzia: spea hakuna, nunua ingine. Tulipima mota yake na mita. Koili zote tatu ziko sawa!

Na ndani ya hako kasanduku kuna nini? Transista sita, jozi tatu, na kompyuta ndogo ya kuziamrisha. Kwa kuwa brashi hazipo, lazima kitu kingine kiamue koili gani ipate stima saa gani. Kwa mota nyingi kuna sensa tatu za Hall zinazosoma sumaku za rota zimefika wapi. Kila sensa inasema ndiyo au hapana, kwa hivyo kuna majibu manane: sita ni ya kuzungusha, na mawili, zote ndiyo ama zote hapana, kwa mpangilio wa kawaida yanakuambia kuna waya imekatika mahali. Transista ya juu na ya chini za jozi moja zikifunguka pamoja, hata kwa muda mdogo aje, chanya inakutana na hasi na unasikia "pa!" Ndio maana unaacha kanafasi kadogo kati ya moja kufunga na nyingine kufungua. Iwe servo kamili, unaongeza enkoda ya kusema shafti iko wapi, na programu inalinganisha ulichoagiza na kilichotokea, maelfu ya mara kwa sekunde.

Basi, ni hiyo tu. Niliacha kampasi, na kule mota ilikuwa mchoro ubaoni. Hii nimeisomea kwa meza ya mathe.

Najua mtasema ya dukani ni bei rahisi. Mara nyingi ni kweli, ukinunua transista mojamoja Luthuli Avenue unaweza kutumia doo kushinda bei ya draiva nzima kutoka China. Lakini mimi sishindani na China kwa bei. Draiva nyingi zinakuja zimemwagiwa gundi ngumu ndani, zingine hata majina ya chipu yamekwaruzwa. Nani aliamua fundi wa Kariobangi Light asione?

Hawa ni watu waliofungua kabureta bila cheti wakazijua kuliko waliozitengeneza. Sasa boda za umeme zinaingia Nairobi, na karibu kila moja ina mota isiyo na brashi na kasanduku kake. Kakikufa, mwenye boda atapelekea nani? Tukiendelea na "nunua ingine", hiyo kazi ya mtaa imeenda, na sisi tutabaki kuosha boda.

Na usiniambie maarifa yamefichwa. Benjamin Vedder wa Sweden alitengeneza VESC akaachilia programu na michoro yake bure. SimpleFOC pia iko wazi, unaipakia kwa bodi ya bei ya chini na unasoma kila mstari.

Ile ya mshonaji bado sijaunganisha, na sitaharakishwa. Stima ya ukuta ikigeuzwa kuwa DC inapita volti 300, na kapasita inabaki na chaji hata ukichomoa plagi. Inaua. Kwa sasa bodi yangu inazungusha mota ya hovabodi kwa volti 24, na nataka ikimbie wiki nzima bila kupata moto kabla niguse hiyo nyingine.

Mwenye kasanduku kafu asitupe. Niletee, hata kakiwa na gundi. Heater ya kupuliza hewa moto ninayo.