KITI CHA KIJIJI SI PAMBO

Ndugu wanachama,

Mwenyekiti wa kijiji hakuchaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 ili akae meza kuu, apokee wageni wa wilaya na kusoma salamu za rambirambi.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo iko wazi: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano huo. Usipoitishwa, mhuri ndio unaogawa mashamba yetu.

Hata akiwa wa chama chetu, tutamdai. Mabalozi wapite nyumba kwa nyumba. Tudai tarehe, tuhudhurie, tuulize. Asiyetaka kazi aachie kiti.

Uongozi wa Tawi