Safari ya Mlima Jungfrau Ianzie Kliniki

Katika milima ya Alps, nchini Uswisi, ipo stesheni ya reli iliyo juu kuliko stesheni nyingine yoyote barani Ulaya. Jina lake ni Jungfraujoch, nayo imejengwa mita 3,454 kutoka usawa wa bahari, baina ya kilele cha Mönch na kilele cha Jungfrau chenyewe, chenye mita 4,158. Msafiri huondoka Grindelwald, mahali penye takriban mita 1,000, akapanda gari la nyaya kwa robo saa, kisha akaingia katika treni inayopenya tumboni mwa mlima. Haipiti saa moja ila amekwisha kusimama mbele ya Aletsch, mto wa barafu ulio mrefu kuliko yote ya Alps, unaoteremka zaidi ya kilomita 20 katika ukimya mtupu. Hakutembea, hakutoa jasho, wala hakuulizwa na mtu yeyote kuhusu afya yake.

Ni mandhari ya ajabu, nami simwombei mtu yeyote aikose. Hoja yangu ni nyingine. Safari ya namna hii ni jambo la kitabibu kabla ya kuwa jambo la kitalii, na sisi wahudumu wa afya tumeliacha mikononi mwa wauza tiketi.

Huenda msomaji akauliza: Uswisi inatuhusu nini? Inatuhusu. Makao makuu ya Shirika la Afya Duniani yapo Geneva, na wenzetu wa wizara na vyuo huenda huko kila mwaka kwa mikutano. Vijana wetu wanasoma na kufanya kazi katika miji ya nchi hiyo, na wazazi wao huwatembelea. Mkutano ukiisha siku ya Ijumaa, Jumamosi mwenyeji huja na pendekezo: "Twendeni tukaione theluji." Mgeni muungwana hakatai.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba swali la afya liliulizwa mapema sana katika historia ya reli hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, Adolf Guyer-Zeller, tajiri wa viwanda kutoka Zürich, alipotaka kuchimba handaki ndani ya milima ya Eiger na Mönch, serikali ya Uswisi haikuridhika na michoro ya wahandisi peke yake. Ilimtaka Hugo Kronecker, profesa wa fiziolojia wa Bern, aeleze kama abiria wangedhurika kwa kupandishwa juu kiasi hicho. Mwaka 1894 profesa huyo aliwachukua watu wa rika mbalimbali, tangu mtoto hadi mzee, wakabebwa na wapagazi hadi kwenye uwanda wa theluji wa Breithorn, karibu na Zermatt, zaidi ya mita 3,700. Walibebwa makusudi, kwa kuwa abiria wa treni naye hubebwa. Alihitimisha kwamba watu wenye afya njema wangeweza kuvumilia, mradi wasikae juu muda mrefu. Ujenzi ulianza mwaka 1896, na treni ya kwanza ikafika Jungfraujoch mwaka 1912, Guyer-Zeller akiwa ameshafariki.

Tuzingatie maneno yale: watu wenye afya njema. Daktari aliweka sharti. Reli ikabaki, sharti likasahauliwa.

Kwa nini sharti hilo lina uzito? Wengi husema kwamba mlimani oksijeni ni chache. Kwa usahihi zaidi, sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile ya pwani, yaani asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, nao huko Jungfraujoch ni takriban theluthi mbili ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa. Hewa isiposukumwa vya kutosha, oksijeni inayovuka kutoka mapafuni kwenda kwenye damu hupungua. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na moyo kwenda mbio. Mtu mzima mwenye siha huhisi kichwa chepesi na kuchoka akipanda ngazi. Akiteremka jioni, hali hiyo humwondoka. Hata ule ugonjwa wa milimani, wenye maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, aghalabu huanza baada ya saa 6 hadi 12, wakati mtalii wa siku moja ameshalala bondeni. Ndiyo maana mamia ya maelfu ya watu hupanda kila mwaka na kurudi salama.

Lakini kliniki zetu hazihudumii wenye siha peke yao.

Miaka kadhaa iliyopita nilitia sahihi fomu ya safari ya binti mmoja mwenye selimundu. Alikuwa mhasibu, na ofisi yake ilikuwa ikimpeleka Uswisi kwa mafunzo ya wiki mbili. Nilikagua kadi yake ya chanjo, nikapima wingi wa damu, nikamwandikia dawa zake, nikamtakia safari njema. Aliporejea alikuja kuniona. "Shikamoo, daktari," alisema. Nikaitikia, nikamuuliza habari za ugenini. Akanieleza kwamba mwishoni mwa wiki ya kwanza wenyeji waliwapeleka Jungfraujoch. Hakuwa amewaambia wenzake kwamba ana selimundu, kwa kuwa hakutaka kuonekana mzigo. Walipokaa juu yapata saa moja, miguu ilianza kumuuma, kisha mgongo, kisha kifua. Aliketi kwenye benchi huku wenzake wakipiga picha. Alipoteremshwa alilazwa katika hospitali ya bondeni, akatundikiwa maji, akapewa oksijeni na dawa kali za maumivu. Alikaa siku nne. Hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ya upole, "Daktari, hukuniuliza ninakwenda kuona nini huko."

Neno hilo sijalisahau. Nilikuwa na elimu yote iliyohitajika. Ninajua, kama ajuavyo kila mwanafunzi wangu, kwamba hemoglobini ya selimundu ikikosa oksijeni hushikamana, na seli nyekundu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Ninajua kwamba baridi huibana mishipa, na kwamba upungufu wa maji huifanya damu iwe nzito. Mlima mrefu huyaleta yote matatu kwa wakati mmoja: oksijeni pungufu, baridi, na hewa kavu inayonyonya maji mwilini kwa kila pumzi. Elimu hiyo ilikuwa kichwani mwangu. Swali la kuifungulia mlango ndilo lililokosekana.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na majirani zetu hawako mbali. Watoto hao sasa wanaishi, wanasoma, wanaajiriwa na kusafiri. Hayo ni matunda ya kazi yetu. Ni aibu basi tukiwafikisha kwenye utu uzima kisha tukawaaga bila maelekezo. Wapo pia wenye kubeba kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo. Wengi wao hawapati tabu yoyote, na wengine hata hawajijui. Lakini imekwisha kuthibitika kwamba baadhi yao, wakipanda milima mirefu, bandama hukosa damu na sehemu yake hufa. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto kwa mtu kama huyo yasichukuliwe kuwa ni chakula cha ugenini. Ateremke na apelekwe hospitali.

Orodha haiishii hapo. Wapo waliopata mshtuko wa moyo siku za karibuni, au wanaobanwa kifua kwa kutembea hatua chache. Wapo wenye maradhi mazito ya mapafu, wenye upungufu mkubwa wa damu, na wajawazito wenye matatizo ya ujauzito. Hawa wasipande bila ruhusa ya daktari anayewajua. Mwenye shinikizo la damu lililodhibitiwa anaweza kwenda, ila asiache vidonge vyake hotelini kwa kisingizio kwamba ni siku moja tu. Mwenye kisukari akumbuke kwamba insulini ikiganda huharibika, hivyo aiweke ndani ya nguo karibu na mwili. Na kipima sukari kinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi katika baridi na kimo. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, kwa maana hewa baridi na kavu huamsha kifua kilicholala. Na mtu asijidanganye kwa kusema, "Mbona nilipanda ndege nisidhurike?" Ndani ya ndege hewa hushindiliwa ifanane na ile ya kimo kisichozidi takriban mita 2,400. Jungfraujoch ni juu zaidi ya hapo kwa mita elfu moja.

Najua wapo wenzangu watakaosema kwamba njia rahisi ni kukataza. Siafiki. Mgonjwa anayekatazwa kila jambo hujifunza kumficha daktari wake. Yule binti aliwaficha wenzake ugonjwa. Tukiendelea kuwa watu wa "usiende, usile, usipande", atatuficha na sisi pia. Heshima kwa mgonjwa ni kumpa njia pale inapowezekana, na hapa njia ipo. Juu ya mji wa Interlaken kuna mahali paitwapo Harder Kulm, penye mita 1,322, na treni ya mlimani hupanda huko kwa dakika zipatazo kumi. Ukisimama pale siku isiyo na mawingu, Eiger, Mönch na Jungfrau husimama mbele yako safu moja, vyeupe na vya kutisha kwa uzuri. Kimo hicho ni chini ya kile cha Nairobi. Laiti ningaliuliza, ningalimwambia binti yule: waage wenzako asubuhi, wao wapande mlimani, wewe nenda ukautazame. Jioni mkutane mezani, kila mmoja akiwa na la kusimulia.

Ninapendekeza basi maswali matatu yaongezwe katika kila mazungumzo ya mgonjwa na mhudumu wa afya kabla ya safari ya nje. Kwanza, utafika kimo gani? Pili, utapanda kwa kasi gani? Tatu, utalala wapi? Hayahitaji mashine wala bajeti. Muuguzi wa chanjo anaweza kuyauliza, mfamasia anaweza, hata karani wa mapokezi anaweza kuyaandika. Jibu likizidi mita 2,000 kwa mwenye selimundu, au mita 2,500 kwa mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, mgonjwa akaonane na daktari. Atakayelala juu naye apewe ushauri wa kupanda kwa hatua, na daktari aamue kama anafaa kutumia asetazolamaidi, akiuliza kwanza habari za mzio wa dawa za salfa.

Kwako msomaji uliye mgonjwa, nakuomba usisubiri kuulizwa. Sema. Chukua barua fupi yenye jina la ugonjwa wako na dawa zako. Soma bima yako kabla ya kusaini. Viza ya Schengen, ambayo Uswisi huitumia, hudai bima isiyopungua euro 30,000, lakini bima nyingi huweka masharti kuhusu maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya safari. Mwambie angalau mwenzako mmoja unaumwa nini. Ukiwa juu, tembea taratibu, kunywa maji, vaa vizuri, wala usione haya kuketi. Ukipata maumivu ya kifua, kikohozi kisichoisha, kuchanganyikiwa, kupepesuka au kuishiwa pumzi ukiwa umekaa, usisubiri picha ya mwisho. Wajulishe wafanyakazi wa stesheni, uteremshwe mara moja. Nambari ya gari la wagonjwa nchini Uswisi ni 144.

Wageni wanaokuja kupanda Kilimanjaro huanza kujifunza Kiswahili kwa neno moja: polepole. Waongozaji na wapagazi wetu huwaimbia neno hilo tangu lango la hifadhi hadi kileleni, nalo limeokoa maisha ya wengi kuliko dawa yoyote iliyo mkobani. Ni ajabu kwamba sisi tuliowafundisha walimwengu neno hilo tunalisahau tunapokuwa wageni katika milima yao, kwa sababu tu kule kuna treni.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kwa maradhi ya milimani, kushuka ndiko tiba ya kwanza, nako hakuna aibu. Lakini bora zaidi ni kujua, kabla ya kukanyaga kipandio cha kwanza, ni ngazi ipi inayokufaa. Serikali ya Uswisi ilimuuliza daktari kabla ya kulipua jiwe la kwanza. Nasi tumuulize kabla ya kukata tiketi; na daktari naye, asipoulizwa, aanze yeye.